Antena ya Kule kwa Shangazi Mauwa

Feza mwanangu,

Umeenda kusukwa kwa jirani, na nimesikia mkikubaliana ni misuko midogo midogo, kwa hiyo nina muda mpaka jua lipungue. Mama yako amekwisha kukuambia habari za chandarua, za maji ya kuchemsha, na za kutonunua samaki wa Mboko dirishani mwa gari kabla ya kuuliza wamekaangwa lini. Hapo sina la kuongeza. Mimi nina jambo moja tu. Nimeanza kuliandika mara tatu nikachana karatasi, na hii ni ya nne, nimeitoa katikati ya daftari lako la fizikia. Samahani.

Jambo lenyewe ni simu ya shangazi yako, siku ile.

Najua hutaki lisemwe. Kila likitajwa unatoka kwenda kuchota maji hata kama mapipa yamejaa. Ulikuwa na miaka kumi na miwili, leo una kumi na minane, na tangu siku ile hujatuma ujumbe hata mmoja kwa mkono wako. Unampa mdogo wako simu, unasema, "We andika, mi nitasema." Watu wanadhani ni madaha. Hata ile simu mpya aliyokununulia mama yako uliipokea kwa mikono miwili, ukashukuru, kisha ukaiweka juu ya kabati. Kesho unakwenda Uvira kusomea uuguzi. Nimejiuliza nani atakuandikia huko, ndipo nikaona siwezi kuendelea kunyamaza.

Mama yako nilimwambia juzi, naye ndiyo kwanza anasikia. Alikuwa anafunga furushi lako. Alisimamisha mikono.

"Na mutoto anajua?"

"Hapana."

"Miaka yote hii, papa Feza?"

"Nitamwambia."

"Mwambie kwa mudomo."

"Nikisema kwa mudomo nitapiga kelele. Unanijua."

Hakubisha. Alirudi kwenye furushi lako, na mpaka leo asubuhi hajaniuliza kama chai ina sukari. Basi naandika.

Kupiga kelele nilijifunza mapema. Vita vya kwanza vilipotufukuza Fizi, tulivuka ziwa, nikakaa kambini Tanzania miaka saba. Kule nilipata kazi ya kufagia chumba cha foni, ile redio ya kuzungumza na watu wa mbali. Watu walipanga foleni tangu alfajiri kuulizia jamaa waliobaki Baraka, Lubondja, na kwingineko. Kila aliyepewa kinasa sauti alipayuka mpaka mishipa ya shingo ikasimama, kwa sababu alijua ndugu yake yuko mbali. Mzee aliyeendesha foni aliwaambia wote neno moja: sema polepole, na ukimaliza achia kitufe, maana usipoachia, hata akilia huko hutamsikia. Walikubali kwa kichwa, kisha wakaendelea kupayuka huku wameshika kitufe. Nilikuwa nawacheka. Pale ndipo nilipopendea kazi hii ya mitambo ya mawasiliano, na pale pale ndipo ningepaswa kuielewa. Nadhani sikuelewa kitu.

Tuliporudi Baraka, mashine zilikuwa zimebadilika. Hospitali ikaletewa intaneti ya waifai, nami nikapewa kazi ya kufunga antena ya nje juu ya paa, inayotazama mlimani, upande wa njia ya Fizi, ili kituo cha afya cha shangazi yako kiweze kutuma ripoti na kuita gari. Nieleze kidogo, maana bila hili hutanielewa. Antena haiongezi nguvu. Inakusanya tu ile iliyopo na kuipeleka upande mmoja, kama mtu aliyeweka viganja mdomoni anapomwita mwenzake ng'ambo ya mto. Kwa hiyo karatasi ya ruhusa ya serikali haipimi mashine ya kurusha mawimbi peke yake. Inapima mashine pamoja na antena, na vyote viwili kwa jumla visipite kiasi kilichoandikwa. Ukiweka antena inayokusanya sana, unapunguza nguvu ya mashine. Ndiyo sheria yote, ni hesabu ya kujumlisha na kutoa, hata wewe unaiweza.

Injinia aliyekuja kutoka Bukavu kuihakikisha alikuwa mwanamke mfupi, hakuvua kofia ya pikipiki hata alipokuwa juu ya bati. Alipiga hesabu kwa kalamu kwenye kiganja chake, akanionyesha.

"Papa Etabo, mwisho ni hapa. Usipitishe."

"Na batu ba kule juu? Ndani ya nyumba zabo rezo haifike."

"Bapande ku jiwe. Ku jiwe batakusikia, na weye utabasikia. Telefone ni kitu kadogo, papa. We unaweza kuongeza sauti yako, yeye hana ya kuongeza."

Niliitika. Nilimsaidia hata kushuka ngazi. Lakini nilichosikia ni "usipitishe", na neno hilo mtu mzima akiambiwa na mtu mdogo kwake linamkaa vibaya.

Jiwe unalikumbuka, lile kubwa nyuma ya kanisa. Pale rezo, yaani mtandao, ilionyesha mistari miwili kwenye simu, mara mitatu, na ujumbe ulikwenda. Shangazi yako alilipanda kila Ijumaa na koti lake jeupe, ripoti mkononi, na watoto nyuma yake. Watu walilipa jina, wakaliita biro, yaani ofisi. Mtu akiulizwa anakwenda wapi anajibu, "Ninaenda ku biro," kisha anapanda jiwe. Mimi niliona aibu. Siku ya mkutano wa kijiji shemasi mmoja alisimama akasema mbele ya wote kwamba rezo ya Etabo inaota jua juu ya jiwe kama mjusi. Walicheka. Mauwa alicheka kuliko wote, dada yangu mwenyewe. Nilicheka pia, na kesho yake nikapanda paa.

Ndani ya mashine kuna mahali pa kuchagua nchi. Ukichagua nchi, mashine inajipangia nguvu kwa sheria za nchi hiyo. Yangu ilikuwa imeandikwa Kongo. Nilikuwa nimesikia vijana wa Uvira wakisema kuna nchi fulani ya mbali ambayo sheria yake ni pana zaidi. Sijui hata bendera yake ina rangi gani. Nikaichagua. Mimi niliyelala miaka saba kwenye hema nikiililia nchi yangu, nilikaa juu ya bati nikaibadilisha kwa kidole kimoja, kisha nikashuka kula.

Mistari ikajaa kijiji kizima. Jikoni, darasani, ndani ya wodi. Ulikuwa kule kwa likizo, uliona mwenyewe vigelegele. Walinipa jogoo, na yule shemasi ndiye aliyemshika miguu. Shangazi yako alicheza katikati ya vitanda akiimba kwamba kaka yake ameleta rezo mpaka kwa wagonjwa. Nilifurahi, Feza. Niseme uongo? Sijafurahi hivyo tena.

Wiki mbili baadaye Mauwa alishuka sokoni Baraka, akapita ofisini kwangu na kikapu kichwani.

"Kaka, tunaona rezo, iko mingi sana. Lakini mesaji zinazunguka tu, haziende."

"Ni telefone yenu, iko ya zamani."

"Telefone zote? Za kijiji kizima?"

"Mauwa, fundi ni miye ao ni weye?"

Akacheka, akasema basi fundi ni mimi, akaenda kununua chumvi. Hivyo tu. Nimeyarudia mazungumzo haya mpaka sijui tena kama alicheka kweli au namwongezea kicheko ili nipate usingizi.

Sasa siku yenyewe. Haya niliyapata kwako, kabla hujaacha kuyasema, kwa hiyo nikikosea nisahihishe. Asubuhi habari zilikuja kwamba watu wenye silaha wanashuka. Sikumbuki walijiita nani mwaka ule, majina yalikuwa yakibadilika na sare zikibaki zile zile. Kijiji kikaanza kutoka. Shangazi yako alikuwa na mama mmoja wa milimani, wa wale wachunga ng'ombe, aliyejifungua alfajiri kwetu kwa sababu njia ya kwao ilikuwa imefungwa. Alikuwa anavuja damu, hawezi kutembea. Mtu alimwambia Mauwa amwache, huyo si wetu. Mauwa akamwambia apishe mlangoni, anamzibia mwanga. Kisha akakupa wewe simu, kwa sababu mikono yake ilikuwa na kazi.

"Andika: gari ije. Kuna mama hawezi kutembea. Batu banashuka."

Ukaandika, ukafinya kitufe cha kutuma.

"Imeenda?"

"Inazunguka, shangazi."

"Rezo?"

"Rezo imejaa."

"Basi itaenda. Ngoja."

Ukangoja. Ukafinya tena, ukangoja tena, mpaka jua likafika kichwani. Hakuna aliyekumbuka jiwe. Kwa nini walikumbuke, na mistari imejaa pale kitandani? Majani yalikuwa yameanza kuota kwenye kile kijia cha kwenda jiweni.

Na mimi nilikuwa wapi? Nilikuwa chini ya antena yangu, ofisini, nakunywa chai. Simu ilikuwa mezani. Dereva wa hospitali alisimama mlangoni na ufunguo mkononi, akaniuliza kama aende kule juu, maana anasikia maneno. Nikamwambia, "Kule kimya. Kungekuwa na kitu Mauwa angeandika." Akarudisha ufunguo kwenye msumari.

Walipoingia walibeba dawa zote, wakamchukua na Mauwa awabebee na awatibie. Wewe ulipita nyuma, kwenye shamba la muhogo, mtoto mchanga umemfunga kitenge kifuani, mama yake anajikokota amekuegemea bega. Mlifika Baraka jioni. Nilikuona unatembea katikati ya barabara na sikukutambua, nilidhani ni mtu mzima.

Kesho yake asubuhi nilipanda paa. Mashine ina tabia ya kuandika kila simu inayobisha hodi, hata ikishindwa kuingia. Nilifungua maandishi yale nikayasoma. Simu ya Mauwa ilikuwa pale. Ilibisha, ikasikika nusu, ikapotea. Ikabisha tena. Mashine ilikuwa inapayuka kama wale wa kambini, na simu ile ndogo ilijibu kwa sauti yake ndogo kutoka ndani ya nyumba, na sauti haikufika. Nilihesabu. Nilihesabu mara ya pili kwa kidole juu ya kioo. Ulibisha mara thelathini na saba.

Feza, hukufinya vibaya. Ulifinya vizuri mara thelathini na saba. Anayebisha mara thelathini na saba hajakosea, aliye ndani ndiye hakufungua.

Nilichofanya baada ya hapo ndicho kinachonifanya nichane karatasi. Nilirudisha nchi kuwa Kongo, nikapunguza nguvu mpaka pale injinia aliponionyesha, kisha nikafuta maandishi yote. Yalifutika upesi sana. Niliogopa kupoteza kazi, niliogopa yule shemasi, niliogopa kila mtu. Nikashuka, nikaosha mikono, nikaja nyumbani, ukoo umekwisha kukusanyika uani.

Unakumbuka mama yangu alivyouliza.

"Nani alikuwa anashika telefone?"

Ukasema, "Ni miye, koko."

"Basi hukufinya muzuri, mutoto wangu."

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anatafuta mahali pa kuweka mkono wake, mwanawe amechukuliwa na hakuna kaburi. Lakini alisema, na wote walikutazama, na mimi nilikuwa nimekaa hatua nne kutoka kwako. Nilikuwa na ile namba kichwani. Nilifungua mdomo, mtu akanipa kikombe cha uji, nikakipokea, nikanywa. Koko amekufa akiamini hivyo. Wewe umekua ukiamini hivyo. Naona haya mpaka kuandika neno "haya".

Nimejaribu kulifanya jambo hili liwe fundisho nikupe ubebe, na limekataa. Nikisema tii sheria, nakumbuka kwamba sheria zilikuwapo siku zote na wale walioshuka hawakuzisoma. Nikisema ningeacha mistari miwili mtu angekimbilia jiwe, najibu mwenyewe kwamba ndiyo, na gari lingekwenda, na labda lingekutana nao kwenye kona, na leo ningekuwa namlilia na dereva. Sijui. Nakaa juu ya bati nafunga bolti huku nawaza, nashuka bila kujua kama nimezikaza. Hata Mauwa mwenyewe sijui nimfanyie nini. Hatukumfanyia matanga kwa sababu hajafa, na hatumngojei kwa sababu hatuthubutu. Kila akipita mwanamke mwenye kikapu kichwani, namhesabia hatua mpaka ageuke.

Kinachoniumiza zaidi ni kwamba sikujirekebisha hata baada ya kurekebisha mashine. Nyumbani niliendelea kwa nguvu zote. Soma! Usisimame barabarani na wale vijana! Uuguzi hapana, kasomee ualimu! Ulikuwa unaitika, "Ndiyo, papa," na mimi nikaona mistari imejaa, nikaridhika. Uliposema unataka kuwa muuguzi ulilisema mara ngapi kabla sijasikia? Nadhani ni mama yako aliyesikia. Mimi nilijua siku fomu zilipofika.

Yule mama wa milimani nilikutana naye sokoni mwaka jana, anauza jibini. Alinishika mkono hakuniachia. Aliniambia, "Mutoto wako alibeba mutoto wangu." Mtoto anaingia shule sasa. Nilipaswa kuja kukuambia jioni ile ile. Sikuja, kwa sababu ningekuambia hilo ungeniuliza na mengine. Basi ujumbe huo nakupa leo, umechelewa mwaka mzima, lakini ni wako.

Ukifika mwisho wa barua hii, fanya unachotaka nayo. Unaweza kuisoma mbele ya ukoo, sitakataa. Kwa wazee nitasema mwenyewe Jumapili baada ya ibada, nimekwisha kumwomba shemasi nafasi, naye ameuliza kama ni habari ya rezo. Nimemjibu ndiyo. Ukikasirika usinifichie, wala usinisamehe haraka ili nijisikie vizuri. Sijui hata kama nakuomba msamaha au nakuomba uandike. Nadhani nakuomba uandike.

Simu ile mpya nimeitoa kabatini, nimeiweka juu kabisa kwenye begi, juu ya kitenge. Ukifika Uvira, ichukue wewe mwenyewe, usimpe mtu. Andika neno moja tu, hata "nimefika", ufinye kwa kidole chako. Ikizunguka, usihesabu na usijiulize umekosea nini. Usiposikia jibu langu, ujue kosa liko upande wangu, na kwamba niko juu ya paa nalitafuta.

Nasikia vicheko vyenu mnakuja. Nimesema vya kutosha, naachia kitufe.

Papa yako,
Etabo